Chanjo zote nimechoma, kinga hakuna: nilivyozunguka mpaka nikakutwa na kichocho

Mi si daktari, nasomea uuguzi, na haya nayaandika kwa sababu tangu yanikute kila mwenzangu kasikia nusu yake. Mmoja anasema nilichomwa chanjo iliyoharibika, mwingine anasema minyoo ndo ilikula chanjo yangu. Minyoo haili chanjo jamani. Ila inaingilia kinga ya mwili kwa namna ambayo nilikuwa sijawahi kuiwaza, na njia niliyopita mpaka nikaelewa ilikuwa na mizunguko mingi ambayo mtu mwingine anaweza kabisa kuikwepa.

Kabla ya kuingia wodini tulitakiwa tuwe tumechanja homa ya ini B. Sindano tatu, ya pili mwezi mmoja baada ya ya kwanza, ya tatu kwenye mwezi wa sita. Nikachoma zote kwa wakati, kadi imejaa. Afu baada ya mwezi na kitu wanapima damu kuangalia kama kingamwili zimetokea, na kiwango kinachokubalika ni kuanzia 10, ukifika hapo unahesabika umelindwa. Wenzangu wakaja na mia na kitu, wengine elfu. Ya kwangu chini ya 10. Yaani kama sijawahi kuchanjwa.

Msimamizi wetu akasema rudia tu, wapo wengi wa hivyo, na ni kweli wapo, kwenye watu wazima wenye afya zao kama 5 mpaka 10 katika kila 100 hawaitikii safu ya kwanza ya chanjo hii, yaani zile sindano tatu. Sigara inachangia, unene unachangia, umri ukishapita 40, kisukari, ugonjwa wa figo. Mi sina hata kimoja. Bahati nzuri daktari aliyetakiwa kusaini fomu yangu alikuwa mtu wa maswali, akaniambia, "Binti, kabla hujarudia tuhakikishe kwanza huna homa ya ini yenyewe."

Hapo nikaishiwa nguvu. Kumbe mtu ambaye tayari anaishi na kirusi cha homa ya ini B ukimchanja hatoi hizo kingamwili, kwa hiyo kipimo chake kinafanana kabisa na cha mtu ambaye chanjo imegoma tu. Wewe uliyeambiwa chanjo haijashika, hicho ndo kitu cha kwanza kuulizia, wanapima HBsAg (alama ya kirusi chenyewe kwenye damu) na anti-HBc (kingamwili inayoonyesha uliwahi kuambukizwa), usikubali kuanza safu nyingine bila hayo majibu. Usiku wa kusubiri sikulala, nimewaza mpaka nyumbani nitaanza kumwambia nani. Majibu yakaja safi, nikalia palepale kwenye benchi na watu wananiangalia.

Sasa kama kirusi hakuna na mi ni kijana mzima, shida nini? Daktari akaomba nimletee karatasi zangu za nyuma za damu, ile picha kamili ya damu ambayo kila mtu anapimwa halafu anaangalia wingi wa damu tu anaikunja anaweka mfukoni. Kwenye mstari wa eosinofili kulikuwa na herufi H pembeni, maana yake iko juu, na karatasi ya miaka ya nyuma kabla sijaanza chuo nayo ilikuwa na H ileile. Hakuna aliyewahi kunitajia. Eosinofili ni aina ya chembe nyeupe za damu, zinapanda mtu akiwa na aleji, pumu, dawa fulani fulani, na zinapanda pia mtu akiwa na minyoo, hasa ile inayopita au kukaa kwenye nyama na damu. Akaniuliza kama nimewahi kuoga mtoni au ziwani, kama nimewahi kutembea peku kwenye udongo wenye unyevu. Nani hajawahi?

Nikasema daktari mi nameza dawa za minyoo, tangu shule ya msingi tunapewa. Akacheka, si kwa dharau. Na hapa naomba nikae kidogo maana ndo penye mkanganyiko mkubwa kuliko pote. Watu wengi tunaamini ukishameza kidonge cha minyoo umemaliza kila kitu chenye sura ya mnyoo. Siyo. Albendazoli miligramu 400 mara moja inaondoa vizuri minyoo mikubwa ya mviringo, safura inaipunguza kwa kiasi kizuri, lakini kwa minyoo ya mjeledi dozi moja mara nyingi haitoshi. Kichocho haikigusi kabisa, kichocho dawa yake ni prazikwanteli. Na kuna mnyoo mwingine mdogo anaitwa strongiloidesi, yule anayeingia kwa ngozi, huyo dawa yake ni ivermektini, ile dozi moja ya albendazoli wala haimuondoi. Kwa hiyo mtu anaweza akawa anameza kidonge kila baada ya miezi sita kwa uaminifu wote na bado amebeba kitu ambacho kidonge hicho hakikutengenezwa kwa ajili yake.

Kipimo cha choo cha kwanza kikasema hakuna kitu. Ningekuwa peke yangu ningeishia hapo, ila daktari akasema choo kimoja kisicho na mayai hakimaanishi huna minyoo. Mayai hayatoki sawasawa kila siku, na kile kipimo cha Kato-Katz kinachotumika sehemu nyingi kinachukua choo kidogo mno, miligramu 41.7, sasa kama minyoo yako ni michache unategemea bahati. Maabara niliyoenda mwanzo walikipokea kikopo asubuhi wakakiweka tu, wameanza kukishughulikia mchana, na mayai ya safura kwenye kioo cha Kato-Katz yanayeyuka ndani ya saa moja hivi, baada ya hapo msomaji haoni kitu anaandika hakuna. Kwa hiyo ukienda kupima toa sampuli siku tofauti tofauti, ipeleke mbichi, na uliza inasomwa saa ngapi. Hata wakikuona msumbufu. Na ukimshuku strongiloidesi mwambie mtaalamu wa maabara kabisa, huyo hatoi mayai kwenye choo anatoa viluwiluwi, Kato-Katz haimuoni, ana njia zake au anapimwa kwa damu.

Aibu nayo ilikuwepo, nisifiche. Kubeba kikopo cha choo kwenye mkoba mara ya kwanza unajikaza, ukiambiwa lete tena unaanza kukwepa macho ya yule wa mapokezi. Pesa nayo ilinitoka kuliko nilivyopanga, vipimo vya damu, choo, mkojo, na nauli, kwa mwanafunzi si mchezo. Na darasani minyoo ni ya watoto, ukisema unapimwa minyoo unachekwa.

Kipimo cha mkojo kinachotafuta alama za kichocho cha tumbo kikaonyesha mstari hafifu, na choo cha baadaye kikaonyesha mayai, yale yenye mwiba ubavuni. Kichocho cha tumbo. Sikuwa naumwa tumbo, sikuwa naona damu chooni, hakuna. Minyoo ya kichocho inakaa ndani ya mishipa ya damu inayozunguka utumbo, mmoja anaishi kwa wastani miaka 3 mpaka 10 na wapo waliokutwa wameishi miongo, kwa hiyo nilipoipatia wala sikumbuki.

Matibabu yalikuwa mepesi kuliko kuitafuta. Prazikwanteli inapimwa kwa uzito, miligramu 40 kwa kila kilo, kwa hiyo mtu wa kilo 60 ni miligramu 2400, vidonge vinne vya 600, vikubwa na vichungu vibaya mno. Kula kwanza, meza haraka na maji mengi, usikiachie kidonge kiyeyuke mdomoni. Nilipata kizunguzungu na tumbo kusokota jioni yote, usipange kuendesha gari siku hiyo. Kitu ambacho watu hawasemi: kama una historia ya kifafa au degedege ukubwani mwambie daktari kabla hujameza, maana ukiwa na tegu aliyejificha kwenye ubongo hii dawa inaweza kukuletea balaa, na kama unatumia rifampisini ya kifua kikuu sema pia, inaishusha prazikwanteli mwilini mpaka haifanyi kazi. Tena prazikwanteli haiui vizuri kichocho kichanga, ndo maana wengine hurudishiwa dozi wiki kadhaa baadaye, mi nilirudishiwa.

Wakati nasubiri kuanza upya sindano nikaanza kusoma, maana nilitaka kujua kama kweli hawa wadudu ndo walininyima kinga au ni stori tu.

Nilivyoelewa ni hivi. Kirusi ni kidogo, kinaingia ndani ya seli, kwa hiyo mwili unakikabili kwa interferoni (protini za kuzuia virusi) na seli za T, aina ya chembe nyeupe zinazoua seli iliyoambukizwa. Mnyoo hauingii kwenye seli, ni mkubwa mno, hakuna seli ya kuumeza, kwa hiyo mwili unatumia mkono mwingine kabisa: ute mwingi, kingamwili za IgE, zile eosinofili, na ishara kama IL-4 na IL-13. Mikono hii miwili huwa inazuiana, mmoja ukipanda sana mwingine unashuka. Na zaidi ya hapo mnyoo unaotaka kuishi ndani yako miaka unahitaji utulivu, unausukuma mwili utengeneze seli T za kutuliza na ishara za kutuliza kama IL-10 na TGF-beta, ili usishambuliwe. Ni kama mpangaji anayemwomba mwenye nyumba azime redio alale, halafu nyumba nzima inakosa taarifa ya habari. Chanjo ni taarifa.

Kwa panya mambo yameonekana wazi. 2014 kwenye jarida la Science zilitoka tafiti mbili pamoja, moja ikaonyesha panya wenye minyoo wanashindwa kudhibiti norovirusi ya utumbo, nyingine ikaonyesha minyoo inaamsha kirusi cha jamii ya herpesi kilichokuwa kimelala, kupitia hiyo IL-4. 2021 ikaonekana panya wenye minyoo ya utumbo wanaumia zaidi na kirusi cha West Nile. Na 2019 watafiti wa Hamburg wakachanja mafua panya wenye minyoo, kingamwili zikatoka chache na dhaifu, na iliyonikaa kichwani zaidi ni kwamba hata panya ambao minyoo ilikuwa imeshaisha bado chanjo haikushika vizuri. Yaani kutoa mnyoo leo si kwamba kesho kinga imerudi.

Kwa binadamu kuna utafiti wa Kenya wa 2016 ulionigusa moja kwa moja, watu wazima waliochanjwa homa ya ini B na pepopunda, wenye kichocho cha tumbo kingamwili zao hazikudumu kama za wengine. Kusini magharibi mwa Tanzania, 2016 hiyohiyo, jarida la Lancet, watu wenye minyoo ya matende waliambukizwa VVU kama mara mbili ya wasio nayo. Ecuador mwaka 2000 watoto wenye minyoo ya mviringo waliopewa albendazoli kabla ya chanjo ya kunywa ya kipindupindu waliitikia vizuri zaidi, ingawa hiyo ni bakteria siyo kirusi.

Nikaanza kumwambia kila mtu minyoo inaua chanjo. Mhadhiri wetu mmoja, mama wa watu mpole, akaniita akaniambia, "Mwanangu, soma na ya Entebbe." Uganda, Entebbe, wajawazito 2507 waligawanywa kwa bahati nasibu, wengine wakapewa dawa za minyoo wengine vidonge bandia, watoto wao wakafuatiliwa, matokeo yakatoka Lancet 2011. Kinga ya watoto kwa BCG (chanjo ya kifua kikuu), pepopunda na surua haikuwa na tofauti. Hakuna. Tena watoto ambao mama zao walipewa albendazoli walipata zaidi ukurutu wa ngozi, kana kwamba ile hali ya kutulizwa na minyoo ilikuwa inawazuia na aleji. Gabon nako watoto wa shule walipewa dozi moja ya albendazoli kabla ya chanjo za kipindupindu na uti wa mgongo na haikusaidia. Na kuna panya wengine ambao minyoo ya utumbo iliwakinga na kirusi cha RSV cha mapafu, kwa kuamsha interferoni. Ethiopia wakati wa UVIKO-19 wagonjwa waliokutwa na vimelea walielekea kuugua kwa kiasi nafuu, japo hiyo haithibitishi kwamba vimelea ndo viliwasaidia.

Kwa hiyo inategemea. Mnyoo gani, mingi kiasi gani, umekaa nao muda gani, uko sehemu gani ya mwili, chanjo gani, umri gani. Mtu anayekwambia kwa sentensi moja kwamba minyoo inashusha kinga, au haishushi, amesoma upande mmoja.

Safu ya pili nikaimaliza. Nikapima tena, ikapita 10 kwa mbali sana, fomu ikasainiwa, nikaingia wodini. Na hapa ndo watu wanataka niseme ona sasa, ilikuwa kichocho. Siwezi kusema. Wengi ambao safu ya kwanza inagoma huitikia ya pili hata bila kutibiwa kitu chochote. Kuna kaka mmoja darasani kwetu, mvutaji wa sigara, naye ya kwanza ilimgomea, akapimwa minyoo hana hata mmoja, akarudia akapata. Labda kwangu kichocho kilichangia, mi binafsi nadhani kilichangia, lakini kwa mtu mmoja huwezi kutenganisha. Kichocho chenyewe kilistahili kutibiwa kwa sababu zake, kinaharibu ini taratibu bila kelele, sikuhitaji kisingizio cha chanjo.

Nalisema hili kwa msisitizo kwa sababu ya dada yangu. Alinipigia akaniambia mtoto ana miezi 9, chanjo ya surua imefika, ila kuna mtu kamwambia asubiri kwanza ampe mtoto dawa ya minyoo ndo chanjo ishike, na kasikia yaliyonikuta mi. Nikamwambia dada, shikamoo yako nitakupa baadaye, mpeleke mtoto kesho asubuhi. Dawa za minyoo za mpango wa kawaida zinaanzia miezi 12, kwa hiyo huyo wa miezi 9 angesubiri miezi mitatu bila kinga ya surua, na surua haisubiri. Minyoo siyo sababu ya kuahirisha chanjo yoyote. Watoto wengi wenye minyoo wanachanjwa na wanapata kinga, hata kama wapo ambao kinga yao ingekuwa juu zaidi. Vyote viwili vinaweza kufanyika siku moja, kampeni nyingi zinafanya hivyo, chanjo mkono huu, kidonge cha minyoo mkono ule. Akaniuliza na kama ni mjamzito je, nikamwambia hapo aongee na mkunga, miezi mitatu ya mwanzo albendazoli haitolewi.

Kuna jambo moja ambalo kwa maoni yangu ni la hatari kuliko hili la chanjo na halisemwi. Yule strongiloidesi anaweza kuishi ndani ya mtu miongo kwa sababu anajizalisha humohumo ndani, na mtu huyo akipewa dawa za steroidi, zile zinazoshusha kinga ya mwili, iwe prednisoloni ya muda mrefu au deksamethasoni kama walivyopewa wagonjwa wa UVIKO-19 waliozidiwa, breki inaachiwa, minyoo inazaana na kusambaa mpaka mapafuni na kubeba bakteria wa utumbo kwenye damu, na wengi wakifika hapo hawaponi. Mama yangu mdogo alikuwa anaenda kuanzishiwa prednisoloni, nikamwomba amuulize daktari wake kuhusu kipimo cha huyu mnyoo, akaona haya kidogo ila akauliza. Wakampima, alikuwa naye, wakampa ivermektini kwanza. Wakamuuliza pia kama amewahi kuishi kwenye misitu ya Afrika ya Kati, kwa sababu huko kuna mnyoo wa macho unaoitwa Loa loa, na mwenye mingi ya huo kwenye damu akimeza ivermektini anaweza kupoteza fahamu. Hajawahi kufika huko.

Mi mwenyewe nimebakiza kipimo cha mkojo cha marudio. Cha damu wameniambia nisihangaike nacho, kingamwili za kichocho zinabaki miaka hata minyoo ikiwa imeshakufa, kwa hiyo ukitibiwa leo halafu mtu akupime damu mwakani akwambie bado unacho, usikubali kumezeshwa vidonge tena kwa karatasi hiyo peke yake. Eosinofili ndo naziangalia, zimeshuka, H imeondoka.